Makrofaji haikosi nguvu, inakosa taarifa: seli inayommaliza bakteria lakini inakaa na saratani kwa amani

Chukua uvimbe wa saratani ya titi, uukate vipande vyembamba kabisa, uviangalie kwenye hadubini. Wengi tungetegemea kukuta seli za saratani tupu si ndio? Sasa sio hivo. Kwenye baadhi ya uvimbe hadi nusu ya uzito wake ni seli za kinga ya mwili, zilezile ambazo kazi yake ni kutulinda, na nyingi kati ya hizo ni seli zinaitwa makrofaji. Zipo mle ndani, ziko hai, zina silaha zote, zimezungukwa na saratani kila upande na haziigusi. Tena afadhali zingekaa tu kimya, maana nyingi zinaisaidia kukua.

Hili jambo toka nimelisoma halijanitoka kichwani, kwa sababu makrofaji hiyohiyo ukiiwekea bakteria mbele yake haisubiri kuambiwa na mtu, ndani ya dakika chache imeshamkamata imeshammeza na imeanza kumyeyusha, hata kama ni bakteria ambaye huo mwili haujawahi kukutana naye tangu kuzaliwa. Sasa kwa nini inajua kumuua mgeni wa dakika tano halafu inaishi na saratani miaka bila kuigusa? Nimesoma sana juu ya hili, na kadiri ninavyosoma naona jibu linarudi palepale: makrofaji haikosi nguvu, inakosa taarifa. Bakteria anakuja na harufu yake mwenyewe inayomtangaza kuwa ni adui. Saratani haina hiyo harufu maana imetoka kwetu wenyewe. Na karibu kila tiba ya maana iliyowahi kuzifanya makrofaji zishambulie saratani, ukiichunguza vizuri, utakuta ndani yake kuna namna fulani ya kuzipa ile taarifa ya bakteria au kitu kinachofanana nayo. Ndo nataka tuongee hilo leo, twende taratibu.

Kwanza tuzijue zenyewe. Makrofaji ni seli kubwa, kipenyo chake ni kama maikromita 20 hivi wakati bakteria wa kawaida ana maikromita moja au mbili. Baadhi zinatokana na monosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu zinazotengenezwa kwenye uboho, zikishatoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama zinakomaa na kuwa makrofaji. Lakini kitu ambacho kiliwashangaza hata wanasayansi wenyewe ni kwamba nyingi ya makrofaji za kwenye viungo vyetu hazikutoka kwenye uboho, zilihamia huko tukiwa bado tumboni mwa mama zetu, zikaweka makazi, na zinazaana hukohuko. Za kwenye ini zinaitwa seli za Kupffer, za kwenye ubongo ni mikroglia, mapafuni zipo zinazotembea ndani ya vifuko vya hewa zikiokota vumbi na vijidudu.

Na kazi yao kubwa ya kila siku wala si vita. Ni kula marehemu wetu wenyewe. Seli nyekundu ya damu inaishi kama siku 120, ikichoka inaliwa na makrofaji, hasa za kwenye wengu na ini, na hii inatokea kwa kasi ya seli kama milioni mbili kila sekunde. Soma tena hapo, kila sekunde. Chuma iliyokuwa ndani yake inatolewa na kurudishwa kwenye uboho kutengenezea damu mpya, kama miligramu 20 hadi 25 kwa siku, wakati chuma tunayoipata kwenye chakula inayoingia mwilini ni miligramu moja au mbili tu. Bila hizi seli tungekauka damu. Na zinafanya yote hayo kimyakimya, hakuna homa, hakuna maumivu, hakuna uvimbe wowote. Nakuomba ushike hapo, kwamba makrofaji ina namna mbili za kula, kuna kula kwa ukimya, ambako inasafisha na kukarabati, na kuna kula kwa kelele, ambako inaamsha mwili mzima. Saratani imejificha kwenye ile ya kwanza.

Mtu wa kwanza kuielewa hii kazi ya kula kama ulinzi ni Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, nchi ya Ukraine ya leo. Mwaka 1882 alikuwa Messina, kule Sicily, ameacha kazi ya chuo kikuu na anafanya utafiti wake nyumbani. Siku moja familia imetoka yeye kabaki na hadubini yake, akiangalia viluwiluwi vya samaki nyota ambavyo mwili wake unaonekana mpaka ndani kama kioo, anaona seli zinazotembeatembea mle. Likamjia wazo kwamba hizi seli kama zinalinda mwili basi ukichoma kitu kigeni zitakikimbilia. Akachukua miiba akavichoma vile viumbe, usiku hakulala vizuri, asubuhi kuangalia akakuta seli zimejaa kuuzunguka mwiba. Kiumbe chenyewe hakina mishipa ya damu, kwa hiyo haikuwa maelezo ya kawaida ya wakati ule kwamba damu ndo inasababisha. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Mi nampenda huyu mzee kwa sababu alibishiwa sana, kulikuwa na kambi nzima ya wataalamu waliosema kinga iko kwenye maji ya damu, yaani kingamwili, na si kwenye seli, na ikaja kuonekana wote walikuwa na sehemu ya ukweli, maana kingamwili zikimganda bakteria makrofaji inamla haraka zaidi. Hiyo nayo tutairudia.

Sasa lile swali la harufu. Makrofaji inajuaje kwamba huyu ni bakteria?

Kwa miaka mingi watu walisoma sana seli T na kingamwili, zile zinazojifunza adui mmojammoja na kumkumbuka, huu ulinzi wa kwanza kabisa, wa kumeza, ukawa kama umepitwa. Mwaka 1989 Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale akasema kitu ambacho wakati huo kilikuwa ni hoja tu, hakuna ushahidi: lazima kuwe na vipokezi ambavyo tumezaliwa navyo, vinavyotambua vitu ambavyo vijidudu wanavyo na sisi hatuna. Vitu ambavyo kijidudu hawezi kuviacha maana bila hivyo hawezi kuishi. Mwaka 1996 timu ya Jules Hoffmann kule Ufaransa ikaonesha kwamba inzi wa matunda wasio na jeni moja inayoitwa Toll wanakufa na fangasi. Mwaka 1998 timu ya Bruce Beutler Marekani ikapata jibu la upande wetu, na hapa hadithi ni tamu sana.

Kulikuwa na aina ya panya wa maabara ambao ukiwachoma lipopolisakaridi hawaumwi. Hiyo lipopolisakaridi ni mafuta yaliyoungana na sukari yanayofunika ngozi ya nje ya bakteria wengi, mfano Salmonella na E. koli, na kwa panya wa kawaida ukimchoma kiasi kikubwa anakufa kwa mshtuko, presha inaporomoka, viungo vinazima. Hawa wengine hata hawatikisiki. Ungesema wana bahati, kumbe wapi, ukiwapa Salmonella hai wanakufa haraka kuliko wenzao, maana mwili wao haujui kama umevamiwa. Beutler akatafuta jeni iliyoharibika, akaikuta ni ya kipokezi kinachoitwa TLR4, ndugu kabisa wa ile Toll ya inzi. Yaani ugonjwa wenyewe mkali, ile homa na mshtuko, sehemu kubwa sio sumu inayotuunguza, ni sisi wenyewe tumeisikia ile harufu na kujibu. Hoffmann na Beutler walipata Nobel mwaka 2011, pamoja na Ralph Steinman.

Sasa tunajua vipokezi vya familia hiyo ni kadhaa, kuna TLR2 inayosikia protini zenye mafuta za ukuta wa bakteria, TLR5 inayosikia mkia ambao bakteria anaogelea nao, TLR9 ambayo imekaa ndani kabisa ya seli inanusa DNA ya kijidudu aliyekwisha kumezwa na kupasuliwa. Makrofaji inabeba karibu mchanganyiko wote huu.

Ikishamshika bakteria, utando wake unanyanyuka pande zote unamfunika, anajikuta kwenye kifuko ndani ya seli. Kile kifuko kinaungana na vifuko vingine vinaitwa lisosomu vyenye vimeng'enya vya kuyeyusha, asidi inapanda mpaka pH inashuka kwenye 5 au chini kidogo. Halafu kuna kimeng'enya kinachotengeneza oksijeni kali zinazochoma, na kingine kinachotengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoharibu mashine za ndani za bakteria. Chuma na madini mengine yanaondolewa mle ili mfungwa asipate. Tunajua umuhimu wa zile oksijeni kali kwa sababu kuna watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya chake, seli zao zinameza vizuri tu lakini haziui, na hawa watoto wanarudi hospitali kila mara na majipu na maambukizi ya bakteria na fangasi ambayo mtoto mwingine asingeyahisi hata. Kumeza ni jambo moja, kuua ni jambo jingine. Hili nalo tulishike.

Na wakati inaua, inapiga kelele. Inamwaga kemikali za kupeleka ujumbe: TNF, interleukini 1, interleukini 6. Mishipa midogo ya jirani inalegea na kuvujisha, ndo ule wekundu na joto na kuvimba unaouona kwenye kidonda, neutrofili, chembe nyeupe nyingine za kupigana, zinakuja kwa maelfu, ubongo unapandisha joto la mwili, ini linabadilisha kazi zake. Vipande vya bakteria aliyeliwa vinaoneshwa kwa seli T, na seli T ikitambua inarudisha ujumbe wake, interferoni gama, ambayo inaifanya makrofaji iwe kali mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukali kamili unahitaji ujumbe mbili, harufu ya kijidudu na interferoni gama. Ukitoa mmoja, unapata seli iliyoamka nusu.

Anayejua hili kuliko wote ni bakteria wa kifua kikuu. Robert Koch alimtangaza mwaka 1882, mwaka uleule wa miiba ya Metchnikoff. Huyu akivutwa na hewa mapafuni anaingia ndani ya makrofaji kwa hiari yake, halafu anazuia kile kifuko kisiungane na lisosomu, anakaa mle ndani kwenye seli iliyotakiwa kumuua na anazaana humohumo. Watu wengi walioambukizwa hawaumwi maisha yao yote, kwa sababu seli T zinaendelea kutuma interferoni gama na makrofaji zinamzingira. Ukiondoa huo ujumbe anatoka. Ndo maana mtu mwenye VVU, ambaye seli T zake zimepungua, yuko kwenye hatari kubwa ya TB, na ndo maana wagonjwa wa baridi yabisi wanaopewa dawa za kuzuia TNF wanapimwa TB kwanza kabla ya kuanza. Makrofaji ni zilezile, mapafu ni yaleyale, kilichoondoka ni ujumbe tu.

Sasa tuje kwenye saratani, na naanzia mwaka 1891 New York, kwa daktari wa upasuaji kijana anaitwa William Coley. Alikuwa amempoteza mgonjwa, binti wa miaka 17 anaitwa Bessie Dashiell, saratani ya mfupa ilianzia mkononi, akamkata mkono na bado ikasambaa na kumuua. Kilimuumiza. Akaenda kupekua mafaili ya zamani ya hospitali, akakuta la mwanaume mmoja aliyekuwa na saratani shingoni iliyofanyiwa upasuaji mara kadhaa na kurudi, halafu akapata maambukizi mabaya ya ngozi ya bakteria wa streptokoki, homa kali, na homa ilipoisha uvimbe ukawa umepotea. Coley akamtafuta mitaani mpaka akampata, mzima, miaka imepita. Basi akaanza kuwachoma wagonjwa wa saratani bakteria hai kwa makusudi, baadaye akaona ni hatari mno, akahamia kwenye mchanganyiko wa bakteria waliouliwa kwa joto, streptokoki pamoja na Serratia. Baadhi walipona kabisa. Wengi hawakupona. Mchanganyiko ulikuwa unatofautiana kila ukitengenezwa, hakuna aliyeweza kueleza unafanyaje kazi, mionzi ikaja na kuonekana ya uhakika zaidi, tiba yake ikawekwa pembeni.

Nimesoma watu mtandaoni wakimtumia Coley kusema madaktari wameficha tiba ya saratani. Hapana jamani. Hakuna aliyeificha, ilikuwa haitabiriki na ilikuwa na uwezo wa kuua. Lakini aliona kitu cha kweli, kwamba kelele za bakteria zikipigwa jirani na uvimbe, kuna wakati zile seli zilizolala zinaamka.

Ushahidi wa maabara ulikuja miaka mingi baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 John Hibbs na wenzake walionesha kwamba makrofaji kutoka kwa panya waliokuwa na maambukizi ya muda mrefu ya vimelea zinaua seli za saratani kwenye sahani ya maabara, na zinaacha seli za kawaida. Makrofaji za panya asiye na maambukizi, hamna kitu. Mwaka 1975 kundi la Lloyd Old wakachukua panya waliopewa BCG, ile chanjo ya TB, wakawachoma ile lipopolisakaridi, wakakuta kwenye damu yao kuna kitu kinachofanya uvimbe wa saratani uoze katikati. Wakakiita TNF, na ndo ile TNF tuliyoitaja juu. Ilipokuja kutengenezwa kwa wingi na kupewa wagonjwa kwenye mshipa, iliwapiga vilevile kama maambukizi ya damu, presha chini, homa, na kipimo ambacho mtu anaweza kuvumilia kikawa kidogo mno kuidhuru saratani. Leo inatumika sehemu finyu sana, mguu au mkono wenye sarkoma, saratani ya nyama laini, unatengwa kimzunguko wa damu na dawa inazungushwa humo tu. Hapo utaona shida yote ilipo: ujumbe ni sahihi, ila ukiutangaza mwili mzima unamuua mwenye mwili.

Penye BCG ndo pamenigusa binafsi. Baba yangu mdogo alipogundulika saratani ya kibofu cha mkojo, ile ya juujuu ambayo haijaingia kwenye misuli, alinipigia simu sauti imebadilika. "Mwanangu, wananiambia baada ya kuukwangua watanimiminia chanjo ya TB kwenye kibofu. Hii kweli ni tiba au wananijaribia?" Nikamwambia shikamoo baba, ni tiba kweli, tena ya siku nyingi. BCG ni bakteria hai, ni yule wa TB ya ng'ombe aliyedhoofishwa, Albert Calmette na Camille Guérin walimlea maabara kuanzia mwaka 1908, wakamhamisha sahani hadi sahani mara 230 mpaka akapoteza ukali, mwaka 1921 mtoto wa kwanza akachanjwa. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales kule Kanada akachapisha matokeo ya wagonjwa 9 wa saratani ya kibofu aliowamiminia BCG mara moja kwa wiki kwa wiki 6, na mpaka leo ule mpangilio wa wiki 6 ndo unaanziwa, na kwa saratani ya juujuu iliyo kwenye hatari kubwa ya kurudi bado hii ndo tiba ya kwanza. Nilimweleza kwamba atasikia mkojo unachoma, anaweza kupata homa kidogo na uchovu, na kwamba ile ni kinga imeamka, ila homa ikipanda sana au ikakaa awaambie madaktari haraka maana ni bakteria hai. Akauliza swali zuri kuliko yote: "Sasa hao wadudu wanaila saratani?" Hawaili baba. Wanakaa kwenye ukuta wa kibofu, seli za pale zinawasikia, makrofaji na wenzake wanamiminika, seli T zinafuata, na vurugu hiyo inaikumba saratani iliyokuwa imekaa palepale. Na kwa kuwa kibofu ni mfuko uliojitenga, kelele nyingi zinabaki mle. Nadhani hiyo ndo siri ya kwa nini imefaulu pale ambapo TNF ya kwenye mshipa ilishindwa.

Lakini sijajibu bado kwa nini makrofaji ndani ya uvimbe zinaisaidia saratani. Harold Dvorak mwaka 1986 aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni vidonda visivyopona, na naona hii sentensi inabeba mengi. Kidonda kikipata maambukizi makrofaji zinapigana, maambukizi yakiisha zinabadilika, zinaita mishipa mipya ya damu, zinatengeneza nyuzi za kuziba, zinazituliza seli T ili zisiendelee kuharibu. Hii ni kazi njema na bila hiyo hakuna kidonda kingepona. Saratani inatoa ishara zilezile za kidonda kinachoomba kukarabatiwa. Inamwaga CCL2 inayoita monosaiti kutoka kwenye damu, inamwaga CSF1 inayozilea na kuzikuza, oksijeni ni haba mle, asidi ya maziwa imejaa, seli zinakufa kila saa na zinatakiwa kuliwa kwa ukimya. Makrofaji ikiingia humo inasoma mazingira na inafanya kazi inayoombwa. Mwaka 2001 kundi la Jeffrey Pollard walitumia panya wanaopata saratani ya matiti ambao hawana CSF1, uvimbe ulianza kama kawaida, lakini kukomaa kwake na kusambaa kwenda mapafuni kukachelewa sana. Kumbe makrofaji zilikuwa zinafungulia saratani njia ya kutoka.

Kuna kipande kimoja cha kikemia ambacho kwangu kinaeleza yote haya vizuri kuliko maneno. Hibbs yuleyule, mwaka 1987, alionesha kwamba makrofaji zilizoamshwa zinategemea amino asidi moja, ajinini, ili kuua saratani, zinaibadilisha na njiani inatoka ile nitriki oksaidi ambayo tumeiona ikiua bakteria. Makrofaji iliyo kwenye hali ya kukarabati inachukua ajinini ileile lakini inatumia kimeng'enya kingine, kinaitwa ajinesi, na kinachotoka ni malighafi ya kutengeneza nyuzi za kovu na ya kusaidia seli kugawanyika. Molekuli ni moja, seli ni moja, upande mmoja unaua na upande wa pili unalisha. Vitabu vingi vinaita hali hizi M1 na M2, lugha iliyoanza mwaka 2000, na inasaidia kuanzia, ila mi nadhani inapotosha ukiikazania, maana ukipima makrofaji halisi kutoka kwenye uvimbe wa mtu unakuta zimechanganya tabia za pande zote.

Wengine wakafikiria njia tofauti, badala ya kuipa makrofaji sababu ya kula, tuondoe kinachoizuia. Seli zetu zina protini juu yake inaitwa CD47 inayoiambia makrofaji niache. Mwaka 2000 ilioneshwa kwa panya kwamba seli nyekundu zisizo na CD47 zinaliwa haraka sana. Kundi la Irving Weissman la Stanford likakuta saratani nyingi zimejijaza hiyo CD47, wakatengeneza kingamwili ya kuifunika, kwenye panya matokeo yakawa ya kusisimua, dawa ikaitwa magrolimab. Wagonjwa walipungukiwa damu, jambo linaloeleweka maana seli nyekundu nazo zinaibeba, na kati ya mwaka 2023 na 2024 majaribio makubwa kwenye saratani za damu yakasimamishwa kwa kuwa hayakuleta faida. Iliniuma kusoma, ila sikushangaa. Kumwondolea mtu kizuizi si sawa na kumpa sababu ya kwenda.

Tofautisha na kingamwili kama rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, au trastuzumab ya mwaka 1998 kwa saratani ya titi. Hizi zinaganda kwenye seli ya saratani na mkia wake makrofaji inaushika, ni sababu kabisa ya kula, ileile namna ambayo kingamwili zinasaidia kwa bakteria. Kundi la dawa za kuzuia CSF1 nalo lina ushindi mmoja wa wazi, pexidartinib iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa uvimbe wa nadra wa maungio ya mifupa ambao wenyewe kwa sehemu kubwa umejengwa na hizo seli zilizoitwa na CSF1. Kwa saratani nyingi za kawaida kuziondoa makrofaji peke yake hakukufua dafu. Na Ulaya, tangu mwaka 2009, vijana wenye saratani ya mfupa wanaweza kupewa mifamurtide pamoja na dawa nyingine baada ya upasuaji, na hii ukiniuliza mimi ndo Coley aliyesafishwa, maana ni kipande kidogo kilichotengenezwa kwa kuiga ukuta wa bakteria, kimefungwa kwenye vijifuko vya mafuta, makrofaji inavimeza na kusikia kama kuna bakteria bila kuwepo bakteria yeyote.

Nisimame kidogo hapa kwa wale wanaouza vitu vya "kuongeza kinga" na kuwaambia wagonjwa wa saratani waache hospitali. Mgonjwa wa saratani anaweza kuwa na makrofaji tele ndani ya uvimbe wake, kuziongeza wingi kunaweza kuwa ndo kuilisha saratani. Tafadhali msiwafanyie watu hivo.

Jaribio nililolifuatilia zaidi ni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Michael Klichinsky, Saar Gill na wenzao mwaka 2020 walichapisha kazi ya makrofaji zilizowekewa kipokezi cha kutengenezwa kinachoitambua HER2, protini inayojaa kwenye baadhi ya saratani za titi na tumbo. Wanachukua monosaiti za mgonjwa, wanazikuza ziwe makrofaji, wanaziingizia jeni ya kipokezi, wanazirudisha. Binadamu wa kwanza alipewa mwaka 2021. Kwa wagonjwa wa mwanzo tiba ilivumilika, kwa baadhi uvimbe ulitulia kwa muda, ila hakuna ambaye uvimbe wake ulisinyaa kwa kiwango kinachohesabika kama kuitikia tiba. Ni mapema, na sitamwambia mgonjwa yeyote asubiri hii. Kilichonifanya nirudie kusoma ile makala ya kwanza ni jambo jingine. Makrofaji ni ngumu sana kuingizwa jeni, maana zimeumbwa kukataa DNA ya kigeni, kwa hiyo walitumia kirusi, adenovirusi iliyorekebishwa ili isizaliane, kama chombo cha kubebea tu. Na wakakuta kile chombo chenyewe, kwa kuwa makrofaji ilikisikia kuwa ni kijidudu, kiliziweka kwenye hali ya kupigana, na hata zilipowekwa kwenye mazingira yanayofanana na ya ndani ya uvimbe, ambayo kwa kawaida yangezilainisha, zilibaki kwenye hali hiyo na zikazivuta makrofaji nyingine za jirani zibadilike nazo.